Bosi anataka tuingie kazini siku tatu kwa wiki. Nisaini au nikatae?

Swali: "Mshauri, habari za kazi. Nipo Arusha, kampuni ya utalii, upande wa kupokea oda za wageni. Nimetimiza miaka saba. Mshahara wangu wa msingi ni 900,000 kwa mwezi. Wageni wamepungua sana mwaka huu. Jumatatu bosi katuita, kasema hataki kumpunguza mtu, ila tutaingia siku tatu kwa wiki badala ya sita na mshahara utakuwa asilimia 60, 'mpaka hali itakapokaa sawa'. Barua tunatakiwa tuisaini Ijumaa. Wenzangu wamegawanyika. Kuna wanaosema nusu shari kuliko shari kamili, na kuna wanaosema huo ni mlango wa kututoa kwa bei poa, bora tukatae tudai mafao yetu. Nina watoto wawili na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Nifanye nini? Mama wa wawili, Arusha."

Dada yangu, barua hiyo usiisaini Ijumaa kama ilivyo. Usiikatae pia. Irudishe ikiwa na mambo matano uliyoyaongeza kwa maandishi. Nitakueleza moja moja kwa nini, na mwisho nitakuandikia maneno yenyewe uyanakili.

Kwanza nikiri. Barua kama hiyo niliwahi kuiandika mimi. Mwaka 2020 nilikuwa afisa rasilimali watu kwenye hoteli moja ya kaskazini. Mwaka uliotangulia nchi ilikuwa imepokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na mwaka ule walishuka mpaka laki sita na ushee. Aprili tulibaki na mgeni mmoja, mzee aliyefutiwa ndege, akinywa chai peke yake asubuhi katika ukumbi wa meza arobaini. Nikakaa nikaandika: siku tatu kwa wiki, nusu mshahara, "mpaka hali itakapotengamaa". Niliamini nawasaidia watu, na kwa miezi ya mwanzo niliwasaidia kweli, maana hakuna hata mmoja aliyeondoka. Shida ilikuja wageni waliporudi. Vyumba vikajaa, siku za kazi zikarudi sita, mshahara ukabaki ule wa nusu. Kila tukiuliza tunaambiwa hali bado, hoteli ina madeni. Mpishi mmoja alinisimamisha kwenye korido akaniuliza, "Kaka, huyu Hali atakaa sawa lini? Ana namba ya simu tumpigie?" Sikuwa na jibu, kwa sababu niliyeandika barua isiyo na tarehe ni mimi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni tarehe. Miezi mitatu, ikizidi sana minne, kisha mnakaa tena mezani. Ikifika siku hiyo na hakuna makubaliano mapya, masharti ya zamani yanarudi yenyewe bila mtu kuomba. Bosi anayesema kweli hapotezi chochote hapo. Anayekataa kabisa kuandika tarehe, basi umeshapata jibu la swali ambalo hukumuuliza.

Sasa unachouliza hasa: je, kupunguza saa kunaokoa kazi kweli, au ni kuahirisha msiba? Kunaokoa, na mfano mzuri uko Ujerumani. Mwaka 2009, dunia ilipoyumba kwa ule mtikisiko wa mabenki, uchumi wa Ujerumani ulinywea kwa zaidi ya asilimia 5, yaani uliumia kuliko wa Marekani. Lakini Marekani ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 Oktoba ya mwaka huo, wakati Ujerumani haukupanda sana. Viwanda vyao viliwapunguzia watu saa badala ya kuwaachisha, na waliokuwa wamejiwekea saa za ziada miaka ya neema wakazitumia kama akiba: unabaki nyumbani, mshahara unaingia, saa zinakatwa kwenye akaunti yako. Aliyepunguziwa kabisa, serikali ilimfidia asilimia 60 ya kile alichopoteza mkononi, au 67 akiwa na mtoto.

Hapo ndipo sisi tunapoachana nao. Kwetu hakuna mfuko wa kukufidia saa ulizopunguziwa. Asilimia 40 inayoondoka imeondoka, na anayeibeba ni wewe. Ndiyo maana huwa sipendi watu wakinukuu Ujerumani nusu nusu, kwamba "hata Wazungu walipunguziwa saa wakavumilia". Walivumilia wakiwa na kitu mkononi. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Volkswagen. Mwishoni mwa 1993 kampuni ilikuwa na watu wapatao 30,000 waliozidi mahitaji. Ikakaa na chama cha wafanyakazi, wiki ya kazi ikashushwa kutoka saa 36 mpaka 28.8 kuanzia Januari 1994, na mapato ya mwaka yakapungua. Lakini kwenye mkataba huo huo kampuni iliahidi kwamba kwa miaka miwili haitaachisha mtu kwa sababu za kiuchumi. Wafanyakazi walitoa saa na fedha, wakapewa usalama wa kazi ulioandikwa.

Barua yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inachukua saa na fedha. Upande wa pili haujaandikwa chochote. Bosi kasema kwa mdomo kwamba hataki kumpunguza mtu. Vizuri, aandike. Hilo ndilo jambo la pili: katika kipindi chote cha siku tatu, hakuna atakayepunguzwa kwa sababu za uendeshaji.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu karibu kila anayekuja ofisini kwangu amelipita bila kuliona. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ukiachishwa kwa kupunguzwa unalipwa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10. Wewe una miaka saba, kwa hiyo siku 49. Chukua karatasi. Kwa mshahara wa 900,000 na siku sita kwa wiki, wahasibu wengi hugawa kwa 26, na siku yako moja ni kama 34,615. Mara 49, unapata takriban 1,696,000.

Tuseme umesaini, na baada ya miezi mitano bosi akashindwa kabisa, akapunguza watu. Mshahara wako kwenye karatasi ni 540,000. Mhasibu akigawa kwa 26 kama alivyozoea, siku yako ni 20,769, na kiinua mgongo kinakuwa takriban 1,017,700. Miaka saba ya kazi imepungua kwa laki sita na zaidi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo uliifanya kwa mshahara mzima. Mwingine atakwambia hapana, wewe sasa unafanya siku tatu kwa wiki, kwa hiyo gawa kwa 13. Siku ni 41,538 na jumla ni zaidi ya milioni 2. Mimi ningesimama na huyu wa pili. Lakini angalia, namba ni ile ile ya 540,000, na majibu mawili yamepishana kwa milioni nzima. Hutaki mjadala huo uanzie mlangoni siku unayokabidhi funguo. Uandikwe leo, mkiwa bado mnasalimiana: malipo yote ya mwisho, yaani kiinua mgongo, notisi na likizo ambayo hujaichukua, yatapigwa kwa mshahara wa 900,000 na mgawanyo wa siku 26.

Habari ni hiyo hiyo NSSF. Tangu mabadiliko ya 2018 kuna fao la kukosa ajira: mwenye ujuzi aliyechangia angalau miezi 18, akipoteza kazi bila kuiacha mwenyewe, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa 900,000 ni kama laki tatu kwa mwezi. Kwa 540,000 ni laki moja na elfu themanini. Hapo bosi hana la kukuandikia, ila ulijue mapema unapopima ukae au uende.

Na wale wanaosema "tukatae tudai mafao yetu" wasikilize hili taratibu. Ukiandika barua ya kuacha kazi kwa hasira, kiinua mgongo hakuna, na fao la kukosa ajira unalifungia mlango kwa mkono wako. Ukikaa ukakataa kila pendekezo, pia kuna hatari: sheria inasema anayepunguzwa kwa sababu za uendeshaji, halafu akakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa, anaweza kukosa kiinua mgongo. Je, siku tatu kwa asilimia 60 ni "kazi mbadala"? Mawakili wanaweza kubishana hapo mpaka jioni. Wewe usiwape nafasi. Usikatae, weka masharti, na yawe na busara. Mtu aliyeomba tarehe ya mwisho hawezi kuitwa mkaidi.

Nisimwonee bosi wako, kuna jambo amelifanya vizuri. Siku zinapungua nusu, mshahara unapungua kwa asilimia 40. Na mkononi utaumia kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu kodi nayo inashuka. Sasa hivi, ukitoa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mshahara, unabaki na kama 729,500. Kwa 540,000 unabaki na kama 468,700. Punguzo halisi ni asilimia 36 hivi. Nauli ya daladala ya siku tatu na chakula cha mchana vinarudi mfukoni. Kama kampuni inawalipia bima ya afya, inaendelea, na mwenye watoto wawili anajua thamani ya hilo. Ila hizo hesabu ni kabla ya mkopo. Rejesho la benki halijui kama umepunguziwa siku. Kama unakatwa laki mbili, ulikuwa unabaki na laki tano na kitu. Sasa utabaki na laki mbili na sitini na nane. Nenda benki kabla mshahara mpya haujaingia, ukiwa na nakala ya barua, uombe rejesho lishushwe na muda uongezwe. Riba itakayoongezeka itakuuma, najua. Lakini anayekwenda kabla ya kukosa rejesho hata moja husikilizwa kwa lugha tofauti na anayekwenda baada ya miezi miwili ya kujificha simu ikiita.

Jambo la nne ni siku zenyewe. Uliza: siku tatu zipi? Kila mtu anapenda neno hili la saa zinazonyumbulika, ila siku zote uliza zinanyumbulika kwa faida ya nani. Nimeona barua zinazosema "siku tatu kwa wiki kulingana na mahitaji". Tafsiri yake mtaani ni "kaa nyumbani, nitakupigia simu". Mama mmoja aliyekuwa kwenye utaratibu huo alinionesha simu yake: ujumbe wa saa mbili usiku, "njoo kesho", mwingine wa saa kumi na mbili asubuhi, "leo usije". Siku tatu za kupumzika hakuwa nazo. Hakuweza kufungua genge wala kukubali kibarua kwa mtu mwingine, kwa sababu hata Jumamosi yake ilikuwa mali ya bosi, bure. Siku zako ziwe za kudumu, tuseme Jumatatu mpaka Jumatano, na mabadiliko yatolewe taarifa si chini ya saa 48. Kisha ongeza sentensi moja inayokuruhusu kufanya kazi nyingine siku zilizobaki, maana mikataba mingi ina kifungu kinachokataza, na ni rahisi sana kifungu hicho kugeuzwa kosa la nidhamu siku bosi anapotafuta sababu. Anayeachishwa kwa utovu wa nidhamu, kwa haki na kwa utaratibu, halipwi kiinua mgongo. Unaona inakoelekea.

La tano ni pendekezo la kwenu, na hapa ningependa mkae wote kama kundi, si wewe peke yako. Kazi yenu ina misimu. Masika kuanzia Aprili mpaka Mei mnapiga miayo, Juni mpaka Oktoba hamna hata muda wa kula. Bosi akiwalipa asilimia 60 sasa, halafu msimu ukifunguka akawataka mkae mpaka saa mbili usiku, atatakiwa alipe saa za ziada, kila saa kwa mara moja na nusu. Basi mpeni hesabu nyingine: atulipe asilimia 80 sasa kwa siku tatu, na tofauti iandikwe kama saa tunazodaiwa, tutazilipa Julai na Agosti kwa mshahara wa kawaida. Sheria yetu inaruhusu kupiga wastani wa saa kwa kipindi kisichozidi mwaka, ila kwa makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, na sekta yenu ina chama, CHODAWU. Kama hamna tawi, huu ndio wakati wa kuwapigia. Na kabla hata ya kufika huko, muulizeni kuhusu likizo. Kila mmoja wenu ana siku 28 kwa mwaka zenye malipo. Mwezi mkavu ndio wa kuzitumia.

Saa zikianza kuhesabiwa, nunua daftari gumu. Siongei kwa mfano, namaanisha dukani. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, aliyekuagiza ubaki. Nilimwona fundi mmoja wa magari ya safari akiweka daftari la namna hiyo mezani kwenye usuluhishi, lina madoa ya oili kila ukurasa, miezi kumi na minne imejazwa kwa kalamu tofauti tofauti. Mwajiri alikuja na jedwali la kompyuta lililochapwa jana yake. Hawakufika mbali, walielewana kabla ya saa sita mchana.

Lakini yote haya yana maana kama kampuni itakuwepo. Hapo unajua wewe kuliko mimi, kwa sababu unakaa kwenye meza ambayo wageni wanapitia. Fungua orodha ya walioweka nafasi kwa msimu ujao, linganisha na mwaka jana tarehe kama ya leo. Walioahirisha wameomba tarehe mpya, au wameomba warudishiwe amana zao? Wanaoahirisha watakuja. Wanaodai amana wameondoka. Kisha tazama nje, kwenye yadi. Gari moja likiuzwa ili kulipa mishahara, huyo ni mtu anayepambana. Yakiuzwa matatu na leseni haijahuishwa, ni mtu anayefunga duka taratibu. Na uangalie taarifa yako ya NSSF: kama michango yako ina miezi sita haijaingia huku kwenye hati ya mshahara inaonekana imekatwa, basi siku tatu kwa wiki hazitaokoa chochote, na ushauri wangu unabadilika. Hapo omba upunguzaji rasmi ufanyike sasa, wakati fedha za kukulipa bado zipo.

Upunguzaji rasmi una utaratibu wake. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio, aweke mezani taarifa zote muhimu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadili sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, muda na malipo. Kupunguza saa ni mojawapo ya hizo njia za kuepuka, kwa hiyo mnayo haki ya kuuliza: mazungumzo haya ni sehemu ya utaratibu huo? Kama ndiyo, hesabu za kampuni ziko wapi? Kikao cha dakika ishirini Jumatatu na saini Ijumaa si mashauriano. Na hata kubadili masharti yako peke yake, sheria inamtaka ashauriane nawe na kukupa mabadiliko hayo kwa maandishi.

Ikitokea akakata mshahara bila saini yako, usigome wala usiache kwenda kazini. Andika barua ya kupinga, endelea na kazi, na nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukiachishwa, siku ni 30 tu. Watu wengi wenye haki zao wamezipoteza kwa kusubiri "tuone mwisho wa mwezi".

Sasa maneno yenyewe. Yafupishe utakavyo:

"Yah: Mapendekezo ya mabadiliko ya siku za kazi. Nimepokea barua yako na ninaelewa hali ya biashara. Niko tayari kufanya kazi siku tatu kwa wiki kwa asilimia 60 ya mshahara, au kwa utaratibu wa wastani wa saa tutakaokubaliana kwa pamoja, kwa masharti yafuatayo: utaratibu huu udumu miezi mitatu kuanzia tarehe ya kusaini, na baada ya hapo masharti ya mkataba wangu wa sasa yarejee isipokuwa tukikubaliana vingine kwa maandishi, katika kipindi hicho nisiachishwe kazi kwa sababu za uendeshaji, malipo yangu yote ya mwisho, iwapo yatahitajika wakati wowote, yakokotolewe kwa mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 na siku 26, siku zangu za kazi ziwe Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na mabadiliko yatolewe taarifa ya saa 48, niruhusiwe kufanya shughuli nyingine halali siku zilizobaki. Naomba tukutane kabla ya Ijumaa."

Chapa nakala mbili. Moja mwachie katibu muhtasi, ya pili mwombe aigonge muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini yake. Akisema muhuri uko kwa bosi, ipige picha ikiwa mezani kwake, kisha itume kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Alhamisi jioni kama hujajibiwa, niandikie tena.